Ukaguzi wa Saratani ni Jambo la Chama

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa reli mbele ya mkutano wa tawi)



Mimi si daktari, kazi yangu ni ya reli. Lakini saratani si jambo la madaktari peke yao, kwa maana yagusa mshahara wetu, ruhusa zetu na nyumba zetu. Hayo ndiyo mambo ya chama.

Nitasema hasa juu ya saratani ya mlango wa kizazi. Katika Kenya ndiyo saratani inayoua wanawake wengi kuliko zote. Makadirio ya mwaka 2020 ni kwamba wanawake zaidi ya 5,000 walishikwa nayo, na zaidi ya 3,000 walikufa. Wengi wa hao wangaliweza kuokolewa.

Wako wasemao kwamba ni uchawi au laana. Sivyo. Mtaalamu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, alionyesha kwamba huletwa na virusi viitwavyo HPV, na mwaka 2008 akapewa tuzo ya Nobel. Virusi hivi hupita kwa kujamiiana, na watu wengi huvipata bila kujua. Mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe. Visipotoka, saratani huchukua miaka mingi kutokea, pengine 15 hata 20.

Sisi wa reli twalielewa neno hili. Mkaguzi akiona ufa mdogo katika chuma, gengi hubadilisha kipande kimoja na treni hupita salama. Ufa ukiachwa, siku moja mabehewa hulala chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na ukaguzi wenyewe si mgumu. Muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, na mahali penye hitilafu hugeuka peupe. Ni kazi ya dakika chache. Kiko pia kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, na hapo mama aweza kujichukulia sampuli mwenyewe faraghani. Pakionekana kasoro ndogo, huchomwa kwa joto au hugandishwa kwa baridi kali, na mama hurudi kwake siku ile ile. Wanaotakiwa hasa ni wanawake wa miaka 25 mpaka 49. Wenye virusi vya Ukimwi yawapasa kukaguliwa mara nyingi zaidi.

Tena iko chanjo. Serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 nchi nzima mwezi wa Oktoba 2019. Baadaye utafiti uliofanywa hapa kwetu, Kisumu, Thika na Nairobi, kwa wasichana na wanawake vijana 2,275, ulionyesha mwaka 2022 kwamba sindano moja tu yakinga vizuri sana. Na kwa aliyekwisha kuugua, tiba ya mionzi ya serikali haipatikani Nairobi peke yake kama zamani. Mombasa, Nakuru na Garissa pia zina mashine.

Basi, ikiwa dawa na maarifa yapo, kwa nini watu hawaendi? Wengine huona haya. Wengine huogopa jibu. Wengine hungoja ruhusa ya mume. Waume wenzangu, hapa nasema nasi: mke asizuiwe, na nauli itoke mfukoni mwetu.

Lakini kipingamizi kikubwa ni siku ya kazi. Namjua mama mmoja mfagiaji aliyeomba asubuhi moja aende kliniki. Msimamizi alimwuliza, "Unaumwa wapi?" Akajibu kwamba haumwi. Akaambiwa, "Basi fanya kazi." Kibarua naye akikosa siku, amekosa chakula cha watoto.

Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, akileta cheti cha daktari. Lakini aendaye kukaguliwa si mgonjwa, naye hukaguliwa ili asiugue. Pengo hili ni letu kuliziba katika mapatano na waajiri.

Kwa hiyo naomba tawi likubali mambo matatu. Kwanza, tudai ruhusa ya siku moja yenye mshahara kwa ukaguzi, na vibarua wasisahauliwe. Pili, tuwaombe wauguzi wa serikali waje karakanani na stesheni kwa siku zinazojulikana, na mahali pa faragha patengwe. Tatu, tangu Oktoba 2024 twakatwa 2.75 kwa kila 100 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii. Katibu atuandikie wazi fedha hiyo yalipa nini kwa ukaguzi na kwa matibabu ya saratani.

Tumewahi kudai viatu na kofia za kazi ili mtu asiumie. Dai hili ni la namna ile ile. Tusingoje kuchanga pesa za jeneza, tudai asubuhi moja ya kliniki.