Taarifa Si Kibali: Maneno ya Kujua Kabla ya Kuingia Barabarani

(Mazungumzo na vijana, Shauri Moyo)



Leo sikuleta hotuba kali. Nimeleta maneno, tena machache, na nataka kila mmoja aondoke hapa akiyajua kama anavyojua jina la mamake. Mtaniuliza, maneno yatatusaidia nini mbele ya gesi ya kutoa machozi? Yatasaidia hivi: jambo lako likifika kituoni, linaandikwa kwa jina fulani kwenye OB. Wewe uliandamana kwa amani, lakini pakiandikwa "fujo", utajibu kesi ya fujo. Kama hujui jina la kile ulichokifanya, mwingine atakuandikia lake.

Neno la kwanza: HAKI.

Haki si hisani. Hisani mtu anakupa akipenda, na akikasirika anakunyima. Haki unayo hata siku afande ameamka vibaya. Wazee waliohamishiwa mtaa huu kutoka kijiji cha Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi wao Waislamu, walibomolewa nyumba zao na serikali ya mkoloni. Hawakuwa na katiba ya kuishika mkononi. Wewe unayo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kusimama na mabango mbele ya ofisi, na kupeleka maombi kwa wakuu. Lakini inasema iwe kwa amani na bila silaha. Shikeni hapo. Ukiinama kuokota jiwe, umeiweka haki yako chini ili mkono upate nafasi.

Neno la pili: TAARIFA.

Hapa ndipo vijana wengi hukwama. Mnapanga maandamano, mtu anawauliza, "Mna kibali?" Mnaangaliana, mnarudi nyumbani. Jamani, sheria haikudai kibali. Sheria ya Utulivu wa Umma inadai taarifa. Kibali unaomba, taarifa unatoa. Unampelekea OCS wa eneo hilo, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Unaandika jina kamili la mwandalizi na mahali anapokaa, tarehe, saa, na mahali au njia mtakayopita. Saa iwe kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni.

OCS anaweza kuwaambia siku hiyo haiwezekani ikiwa kuna wengine waliotangulia kutoa taarifa ya mahali hapohapo na saa hiyohiyo. Anaweza pia kusimamisha mkutano kukiwa na hatari ya wazi ya kuvunjika kwa amani. Lakini "sitaki tu" si sababu ya kisheria. Kwa hivyo andikeni nakala mbili, moja ibaki kituoni, nyingine mrudi nayo ikiwa imepigwa muhuri. Hiyo karatasi yenye muhuri ndiyo jibu lenu siku mkiulizwa kibali kiko wapi.

Neno la tatu: MAANDAMANO, na ndugu zake.

Maandamano ni mojawapo tu. Kuna *kamukunji*, mkutano wa watu kujadiliana. Neno hilo limetoka hapa jirani, uwanja wa Kamukunji, unaweza kwenda kwa miguu. Tarehe 7 Julai 1990, Saba Saba, watu waliitwa pale kudai vyama vingi. Matiba na Rubia, walioitisha mkutano, walikuwa wameshatiwa ndani siku chache kabla. Watu walikuja hata hivyo, polisi wakawatawanya kwa nguvu, na wengine walipoteza maisha. Desemba 1991 sheria ya chama kimoja ilifutwa.

Kuna *mgomo*, kuacha kazi. Kuna *kususia*, kukataa kununua au kutumia. Kuna *ombi la maandishi*, lenye majina na sahihi. Na kuna *mgomo wa kula*. Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walianza na ombi: walienda kwanza ofisini kwa Mwanasheria Mkuu. Kisha wakakaa Uhuru Park, pale tunapopaita Freedom Corner, wakagoma kula. Siku chache baadaye polisi waliwavamia kwa virungu na gesi. Akina mama wakahamia kanisa la All Saints, wakaendelea. Kufikia mapema 1993, wengi wa wafungwa wale walikuwa wameachiliwa. Hawakurusha jiwe hata moja. Mtu akikwambia kutotumia nguvu ni woga, muulize kama yeye angeketi pale.

Neno la nne: KUKAMATWA.

Hili msikieni vizuri kabisa. Kukamatwa kuna masharti. Kifungu cha 49 kinasema uambiwe sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine wa kukusaidia. Na ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata zikiisha wakati korti imefungwa.

Aprili 2014, kwenye msako wa Usalama Watch, maelfu ya watu walichukuliwa Eastleigh na kwingineko, wengi wao Wasomali, wengine wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Waliambiwa ni ukaguzi. Lakini mtu aliyefungiwa mahali asipoweza kutoka amezuiliwa, hata kama ni uwanja wa mpira. Na wengi walizuiliwa kupita saa 24.

Akichukuliwa na watu wasiojitambulisha, gari halina namba, na hakuna kituo kinachokubali kuwa naye, hapo tumetoka kwenye kukamatwa. Hapo ni *kutekwa nyara*, na mseme hivyo. Familia ina njia: korti itoe amri mtu huyo aletwe mbele yake. Mawakili wanaiita hebiasi kopasi. Ni haki ambayo Katiba, Kifungu cha 25, imekataza isipunguzwe kwa vyovyote.

Neno la mwisho: SUBIRA.

Hili tumelisikia tangu madrasa, na wengine wanalitumia kutunyamazisha. "Vijana, subirini." Ndugu yangu, subira si kuinyamazia dhulma. Subira ni kurudi kituoni mara ya tatu kuulizia muhuri. Ni kumshika mkono rafiki yako anapotaka kujibu tusi la polisi kwa jiwe. Ni wale akina mama, usiku baada ya usiku, bila kula.

Sasa kazi ya wiki hii. Moja, andika namba mbili za simu na uzihifadhi kichwani, kwa sababu simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Mbili, soma Kifungu cha 37 na cha 49, ni kurasa chache tu. Tatu, kaa na mdogo wako nyumbani, umuulize: taarifa na kibali vina tofauti gani? Akishindwa, mfundishe. Yeye naye ana barabara yake inamngoja.

Wassalamu alaikum.