Mgeni wa Serikali na Mgeni wa Watu

(Mazungumzo na vijana, Voi, baada ya swala ya Alasiri. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, tumepunguza marudio tu.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu na dada zangu, nimepewa dakika 20, na kuna wenzetu wa Mwatate na Taveta wanaotaka kuwahi matatu, kwa hivyo sitazunguka sana.

Mnajua wenzetu wawili, kaka mmoja na dada mmoja, wamealikwa kwenda Burkina Faso. Waalikaji ni kikundi cha vijana wa Ulaya, watu wa mrengo wa kushoto, wanaoandaa ziara ya mshikamano ya siku 10. Tiketi wanalipa wao, hoteli wanalipa wao. Kwetu wanataka watu wawili tu. Nadhani pia wanataka picha isiyokuwa ya Wazungu watupu, lakini hilo tuwaachie nafsi zao. Tangu Jumatatu grupu letu la WhatsApp halilali. Wengine wanasema Traoré ndiye Sankara aliyerudi, nendeni mkamshike mkono. Wengine wanasema yule ni askari aliyepindua serikali, asiguswe. Nikaombwa niseme neno.

La kwanza, safari kama hii si ngeni. Imeshafanywa, tena hapa jirani, ng'ambo ya mpaka wa Holili, kabla wengi wenu hamjazaliwa. Kabla ya Ouagadougou, tuanze na Tanzania.

Najua nusu yenu mna picha ya Malcolm X kwenye simu. Oktoba 1964 Malcolm alikuwa Dar es Salaam. Alionana na Nyerere, akakaa na Abdulrahman Babu, Mzanzibari, mwanamapinduzi, waziri katika serikali mpya ya muungano. Desemba mwaka huohuo Babu akawa New York, na Malcolm akamsimamisha mbele ya watu wake. Likumbukeni jina la Babu, nitalirudia.

Halafu likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Ujamaa na kujitegemea. Hapo ndipo wageni walipoanza kumiminika. Waswidi, Wakanada, Waingereza, Wamarekani weusi na weupe. Walimu, wanafunzi, maprofesa, watu wa makanisa. Wengine walikaa miaka, wengine wiki mbili. Wamechoka na kwao, na vita vya Vietnam, na ubaguzi, wakaona hapa Afrika kuna nchi maskini inayosema hapana kwa mabepari.

Aliyewasoma vizuri ni mtoto wa Mombasa, Profesa Ali Mazrui, Allah amrehemu, wakati huo akifundisha Makerere. Mwaka uleule wa 1967 aliandika makala katika jarida la Transition la Kampala, akautungia ugonjwa huu jina: Tanzaphilia. Yaani mahaba ya Tanzania. Akasema yanawashika zaidi wasomi wa Magharibi. Na Mazrui mwenyewe alimheshimu sana Nyerere, msidhani ilikuwa chuki.

Tuwe waadilifu. Wale wageni hawakuwa wajinga. Tanzania iliwapa makao FRELIMO, ikawapa makao ANC ya Afrika Kusini, wakati nchi nyingine zilikuwa zikipiga hesabu ya faida. Ilifundisha watu wazima kusoma. Kwetu Kenya wakati huo wakubwa walikuwa wanagawana mashamba. Mashamba hayo mpaka leo yanatusumbua hapa Taita Taveta, mnayajua bila mimi kuyataja.

Lakini sikilizeni habari ya Ruvuma, kusini kabisa mwa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, kabla ya Azimio lolote, wakulima walianzisha vijiji vyao wenyewe, cha mbele kikiwa Litowa. Wakilima pamoja, wakiamua kwa vikao vyao, na shule yao wakiiendesha wenyewe. Vijiji vikafika 17 hivi. Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, aliishi nao pamoja na familia yake, si wiki mbili, miaka. Nyerere mwenyewe alivisifu. Basi Septemba 1969 chama tawala, TANU, kikaivunja jumuiya ile na mali yao ikachukuliwa. Ujamaa wa kweli, uliojengwa na watu wenyewe, ulivunjwa na chama cha ujamaa! Kwa nini? Mimi naona ni kwa sababu wale wakulima hawakuwa wakingoja amri.

Wageni waliendelea kuja baada ya hapo. Wakiuliza, "Tuonyesheni ujamaa," walipelekwa wapi? Mtu wa Litowa alishanyamazishwa. Mwaka 1973 serikali ikatangaza kuishi vijijini ni lazima, mwisho 1976. Mamilioni wakahamishwa, wengine kwa lori, na kuna mahali nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa ili mtu asirudi. Mgeni anafika kijiji kipya, amepangiwa siku, mwenyekiti amevaa shati safi, watoto wanaimba. Anapiga picha, anarudi Stockholm.

Sasa turudi kwa Babu. Aprili 1972 Karume aliuawa Zanzibar, Babu akakamatwa. Alizuiliwa Tanzania Bara mpaka 1978. Zanzibar walimhukumu kifo na yeye hayupo mahakamani. Miaka sita, yule rafiki wa Malcolm.

Na Juni 1974, Babu akiwa kizuizini, Dar es Salaam ilikaribisha Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, pale chuo kikuu. Watu wakatoka Marekani kwa mamia. Hotuba nzito kuhusu ukombozi. Lakini vikundi vya upinzani kutoka visiwa vya Karibiani vilizuiwa, kwa kuwa serikali za kwao hazikuvitaka. Mzee C.L.R. James wa Trinidad, mmoja wa waliouitisha mkutano wenyewe, alikataa kuhudhuria kwa sababu hiyo. Mzee wa miaka 73! Huyo ndiye ninayetaka mumkumbuke kuliko wote waliohutubia ukumbini.

Haya, njooni nyumbani. Wenzetu wa Taveta, nyinyi hili mnalijua kwa wazee wenu. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka. Ukafunguliwa Novemba 1983. Karibu miaka saba. Mtafute mzee yeyote wa Taveta, umuulize habari ya sabuni. Atacheka kwanza. Halafu atakwambia jinsi watu wa ng'ambo walivyokuwa wakipanga foleni kwa sukari, kwa sabuni, kwa mafuta ya kupikia, na jinsi vitu hivyo vilivyokuwa vikipita usiku kwa njia za panya. Ndugu wana ukoo mmoja, lugha moja, na katikati kuna askari. Mtu akifiwa ng'ambo, aende vipi mazishini?

Sababu za dhiki ile zilikuwa nyingi. Bei ya petroli ilipanda, ukame ulikuja, kisha vita na Idi Amin vikala fedha. Lakini mama aliyepanga foleni Moshi hakuhitaji nadharia. Mwaka 1983 ikatoka sheria ya uhujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na mali stoo aliweza kukamatwa kama mhujumu. Kwenye vitabu vya wageni wetu wa mahaba, mama yule utamtafuta sana.

Msianze kutabasamu mkadhani naisifu Kenya. Sisi tulikuwa na wageni wetu wa aina nyingine. Walikuwa wanapita hapahapa Voi, kwenye barabara hii, kuingia Tsavo. Wakaona ndovu mwekundu, wakalala lodge, wakarudi kwao na kusema Kenya ina utulivu. Februari 1984, watalii wakiwa Tsavo, Waislamu wenzetu wa Wajir walikusanywa uwanja wa ndege wa Wagalla na vyombo vya serikali yetu. Serikali ilisema walikufa 57. Tume ya ukweli, TJRC, baadaye ilisema ni karibu 1,000. Mtalii wa ndovu hakuuliza Wagalla, na mtalii wa siasa hakuuliza Litowa. Wote wawili walikuwa wageni wa serikali.

Nami nimewahi kuwa upande wa mwenyeji. Miaka kadhaa nyuma walikuja wageni kutoka nje, watu wazuri, wa haki za binadamu, wakae na sisi katika hoteli moja hapa mjini. Maafisa wakaja nao, wakakaa mstari wa mbele. Nje, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlinzi, alikuwa mama mmoja na bahasha. Mwanawe alichukuliwa na watu waliokuja na gari lisilo na namba. Tulikuwa tumemwahidi atazungumza. Ratiba ikabadilishwa. Mimi ndiye niliyetoka kumwambia asubiri, na wallahi sikuwa na ujasiri wa kurudi ndani nikasema, "Kuna mtu nje." Saa tatu alikaa. Mgeni mmoja, binti wa miaka ishirini na kitu, alitoka kutafuta choo, akamwona, akamsalimu kwa Kiswahili kibovu, akakaa chini kando yake. Hakurudi ukumbini. Wale wengine wote walituma barua ya shukrani. Yule mmoja mpaka leo anaandika kuuliza habari za kijana yule, kwa jina lake.

Kwa hivyo ninaposema mgeni wa watu, simsemi malaika. Ni mtu aliyetoka nje ya ukumbi.

Na tunao mfano wa juzijuzi. Mei 2025 Hussein Khalid, mnayemjua tangu siku za Haki Africa, pamoja na Willy Mutunga aliyekuwa Jaji Mkuu, na Hanifa Adan, walishuka Dar es Salaam wahudhurie kesi ya uhaini ya Tundu Lissu. Walizuiwa uwanja wa ndege wakarudishwa. Martha Karua alirudishwa kabla yao. Boniface Mwangi na Agather Atuhaire wa Uganda waliingia, wakakamatwa. Mwangi akaja kupatikana Ukunda, Atuhaire mpakani mwa Uganda, na wote wawili wamesema waliteswa. Hii pia ilikuwa ziara ya mshikamano, si ndio? Tofauti ni kwamba hawa walikuwa wakienda kwa mshtakiwa.

Sasa Burkina Faso. Naelewa kwa nini mnampenda Traoré. Amewafukuza Wafaransa, anasema lugha ambayo wakubwa wetu hawathubutu. Na makundi yenye silaha yanayojiita ya Kiislamu yanaua watu kule, wengi wao Waislamu, hilo tusilifiche. Lakini tarehe 25 Februari 2024, kwa mujibu wa Human Rights Watch, jeshi liliwaua raia 223 katika vijiji vya Nondin na Soro, watoto wasiopungua 56 miongoni mwao. Machi 2025 Wafulani, Waislamu, waliuawa karibu na Solenzo na wanamgambo wanaoshirikiana na serikali. Mwezi huohuo viongozi wa chama cha waandishi wa habari walikamatwa, kisha wakaonekana kwenye video wamevalishwa sare za jeshi. Baadaye waliachiliwa. Suratul Hujurat imetuagiza tuchunguze habari tunayoletewa. Haikusema tuchunguze habari za adui peke yake.

Na mnaijua hadithi ya kumsaidia ndugu yako, awe amedhulumiwa au yeye ndiye anayedhulumu. Maswahaba walishangaa, huyu wa pili anasaidiwaje? Kwa kumzuia. Kama kweli tunampenda yule kapteni, huo ndio msaada wetu kwake.

Basi waende? Mimi nasema waende. Atakayekaa nyumbani hataona chochote. Lakini nimekaa na hao wawili jana, na tumekubaliana mambo. Wataandika kwa waalikaji wiki hii kwamba wanataka siku mbili bila mwenyeji wa serikali, na wanataka kukaa na familia za Kifulani na kuwasikiliza waandishi. Wakikataliwa, wakirudi watatuambia hapahapa kwamba walikataliwa, na hilo nalo ni habari. Picha yoyote na mkubwa yeyote haitawekwa kwenye ukurasa huu kabla hatujasikia ripoti. Dada yetu aliniuliza, "Na nikiogopa?" Nikamwambia asiende peke yake popote, na asimtaje mtu aliyezungumza naye, kwa sababu yeye atapanda ndege na yule atabaki.

Jambo la mwisho ni tiketi. Tumeona si vizuri zilipwe zote na wao. Mtu anayekulipia kitanda na chakula, ulimi wako unakuwa mzito. Hatuwezi kulipa yote, lakini angalau nauli ya kwenda tujitahidi. Daftari la mchango liko kwa mhazini pale mlangoni, na M-Pesa ni ya kikundi, si ya mtu. Hata shilingi 50 inaandikwa.

Maswali sasa. Naona mkono kule nyuma kwa akina dada. Tafadhali, sema kwa sauti, hiyo maiki imechoka.