Tumbo la Mwalimu na Suala la Bangi

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa Serikali, Tanga)



Mliponialika kuzungumza juu ya afya, bila shaka mlitazamia habari za malaria. Nimechagua tumbo, kwa sababu ya mwalimu mmoja wa upande wa Pangani ambaye kwa miaka minne amekuwa akitoka darasani mara mbili au tatu kabla ya saa nne, akiwaacha watoto na zoezi ubaoni. Amepimwa choo na damu, amepewa dawa za minyoo na za amiba hata akachoka kuzihesabu, na kila mara huambiwa kwamba hana kitu. Sasa rafiki yake amemnong'oneza kuwa huko Ulaya na Marekani wenye tumbo kama lake hupewa bangi. Akaniuliza: "Ndugu mwandishi, wewe uliyesoma, jambo hili ni kweli?"

Sikuona haki kumjibu kwa kemeo.

Kwanza, si kweli kwamba hana kitu. Uko ugonjwa wa utumbo unaokereka, ambao madaktari huuandika kwa herufi IBS. Utumbo hauna kidonda wala mdudu, lakini mwendo wake umevurugika na mishipa yake ya fahamu imekuwa myepesi kuhisi maumivu. Kanuni za kimataifa za mwaka 2016 zinautambua kwa maumivu yanayorudi angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yakiambatana na kwenda haja au na mabadiliko ya choo. Wazee wetu wa Pwani wamezoea kukusanya maumivu mengi ya namna hii katika neno moja, chango. Nao angalau hawakumwambia mgonjwa kwamba anajisingizia.

Ama bangi, si mgeni kwetu. Jina lenyewe limevuka bahari kutoka Bara Hindi, na huko Calcutta, mwaka 1839, daktari O'Shaughnessy alikwisha kuandika juu ya matumizi yake katika tiba, kipindupindu kikiwamo. Mwaka 1964 wataalamu Mechoulam na Gaoni walikitenga kile kiini kinacholevya, kiitwacho THC. Baadaye ikajulikana kwamba mishipa ya fahamu ya utumbo ina vipokezi vinavyoitika kiini hicho, na vikiguswa mwendo wa utumbo hupungua. Kwa hiyo aliyemnong'oneza mwalimu hakutunga hadithi.

Lakini kati ya sababu ya kudhani na ushahidi wa kutibu pana safari ndefu. Katika hospitali ya Mayo, Marekani, wagonjwa wachache wa IBS walipewa kidonge cha THC kilichopimwa. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha utumbo mpana ukitulia kidogo. Yale ya 2012, kwa wagonjwa wa kuharisha, hayakuona kwamba chakula kilipita polepole zaidi. Tena tangu 2004 madaktari wameeleza maradhi ya kutapika mfululizo yanayowapata wavutaji wa miaka mingi. Mwenye tumbo bovu anaweza kuongeza la pili juu ya la kwanza!

Ni kweli dunia inabadilika. Desemba 2020 Umoja wa Mataifa uliiondoa bangi katika orodha ya dawa zilizobanwa kuliko zote, ingawa iliachwa chini ya udhibiti. Malawi mwaka 2020 na Rwanda 2021 ziliruhusu kilimo chake kwa ajili ya tiba. Hapa kwetu sheria ya dawa za kulevya ya 2015 ipo, na mwalimu atakayekamatwa na msokoto hataokolewa na maelezo ya tumbo lake.

Wako watakaosema sheria hiyo ni kasumba ya kikoloni tu. Sikubaliani nao. Dawa kali hatuziogopi: hospitali ya Ocean Road huwapa wagonjwa wa saratani mofini, na Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Tunachokataa ni kipimo kisichojulikana kutoka mkono usiojulikana. Tazameni Amani, hapo juu Usambara, ambapo Wadachi walianzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902 na wakapanda mikwinini. Hawakuipanda kwa ajili ya watoto wa Kishambaa, hilo tulijue. Hata hivyo gamba lile lilipimwa. Nasi mwaka 1974 tulianzisha Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, na mapema miaka ya 1990 waganga wa jadi wa mkoa huu na madaktari wa Bombo walikaa pamoja kuwahudumia wagonjwa wa Ukimwi. Njia ya kuupima mmea tunayo. Bangi nayo, ikiwa itapimwa, ipite humo.

Wakati huo mwalimu afanye nini? Aandike katika daftari anachokula na kinachomuudhi: maziwa, maharage, vitunguu. Amwulize daktari juu ya mafuta ya mnanaa, na juu ya amitriptilini kwa kipimo kidogo, dawa kuukuu na rahisi ambayo majaribio ya Uingereza ya mwaka 2023, yenye wagonjwa 463, yaliona inasaidia. Akiona damu chooni, akikonda bila sababu, akipungukiwa damu au akiamshwa usiku na tumbo, asisubiri. Hiyo huenda si IBS.

Na ninyi wakuu wa shule na maofisa elimu mliopo hapa, nina swali kwenu. Shule ya mwalimu huyu ina choo kimoja cha walimu, na mlango wake umeng'oka tangu masika. Katika miaka yote minne hakuna daktari aliyemwuliza habari hiyo, nami nilipomwuliza aliinama kwa haya. Fundi wa mlango anahitaji kibali cha nani?

Mwalimu ameahidi kwenda Bombo Jumatatu, na daftari lake mkononi.