Sabuni, Jiki na Chupa Isiyo na Jina: Mazungumzo Kuhusu Usafi wa Nyumbani



Katika maduka ya Tinde, Didia na Iselamagazi, mnunuzi anayetafuta kitu cha kusafishia nyumba yake hukutana na rafu iliyosheheni: sabuni za kipande, sabuni za unga, sabuni za maji za kila rangi, jiki, dawa za chooni, na dawa za kuua vijidudu zenye harufu ya hospitali. Nje ya duka, juu ya meza au nyuma ya baiskeli, huuzwa vimiminika vingine ndani ya chupa za soda na za maji zilizokwisha kutumika. Aghalabu mnunuzi huyo huchagua kwa pua. Kinachonuka kwa ukali huaminiwa kuwa ndicho chenye nguvu, na kile kisicho na harufu hudhaniwa kuwa ni maji yaliyotiwa rangi.

Imani hiyo ina historia, na wasomi nao wamepata kuwa nayo. Mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis wa hospitali ya wazazi mjini Vienna aliwaagiza wenzake wanawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kuwagusa akina mama. Aliichagua klorini kwa sababu iliondoa uvundo uliobaki mikononi mwa madaktari waliotoka kupasua maiti. Vifo vya wazazi vilishuka sana. Dawa aliyoichagua ilikuwa sahihi, ingawa harufu haikuwa ndiyo iliyoua; chanzo kilikuwa vijidudu ambavyo wakati ule havijajulikana. Leo vinajulikana, na mnunuzi wa Tinde ana njia bora ya kuchagua kuliko aliyokuwa nayo Semmelweis.

Swali la kwanza ni hili: uchafu unaoondolewa ni upi? Mafuta ya sufuria, udongo mweusi wa mbuga ulioganda mlangoni, ukoga wa bafuni na kinyesi cha mtoto mgonjwa ni mambo manne tofauti, na hakuna chupa moja inayoyamaliza yote, hata kama kibandiko chake kinadai hivyo.

Kwa sehemu kubwa ya kazi za nyumbani, sabuni ya kawaida inatosha. Chembe ya sabuni ina ncha mbili: moja hushika mafuta, nyingine hushika maji. Mafuta na vijidudu vilivyonasa humo hung'olewa na kuchukuliwa na maji. Vipo pia vijidudu ambavyo sabuni huviharibu yenyewe. Virusi vya Marburg, vilivyothibitishwa mkoani Kagera Machi 2023 na kurudi wilayani Biharamulo Januari 2025, mpakani kabisa na Mkoa wa Geita, vimefunikwa na utando wa mafuta unaovunjwa na sabuni. Kipande cha sabuni kilichowekwa kando ya kibuyu chirizi nje ya choo hufanya kazi kubwa kuliko chupa ya dawa ghali iliyofungiwa kabatini ikisubiri wageni.

Vipi basi sabuni zinazotangazwa kuwa zinaua vijidudu? Mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilizuia viambato 19 vya aina hiyo katika sabuni za kunawia, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba vilikuwa salama kwa matumizi ya muda mrefu na kwamba vilishinda sabuni ya kawaida na maji. Mwenye fedha kidogo asisononeke kwa kununua kipande cha kawaida.

Maji nayo yana neno lake. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria wa Kahama na Shinyanga, uliozinduliwa mwaka 2009, huleta maji kutoka chanzo cha Ihelele wilayani Misungwi. Maji ya ziwa ni laini, na sabuni ya kipande hutoa povu ndani yake bila shida. Palipo na kisima chenye maji magumu, sabuni hiyohiyo huganda na kuacha utando wa kijivu juu ya beseni na kwenye nguo. Si kwamba sabuni imechakachuliwa; madini yaliyomo majini yameifunga. Kaya ya namna hiyo hupata nafuu kwa sabuni ya unga, au kwa kutumia maji ya mvua siku za kufua nguo nyeupe. Majivu yaliyochekechwa pamoja na dodoki bado ni msaada mzuri wa kusugulia masufuria yenye masizi, na hayana gharama. Sharti moja: yawe majivu ya kuni au mkaa, si ya takataka zilizochomwa pamoja na plastiki.

Sabuni ya maji inayotengenezwa na vikundi vya wajasiriamali imekuwa tegemeo la kaya nyingi, na hakuna sababu ya kuidharau. Ila wanunuzi wengi huipima kwa vipimo visivyofaa. Hutazama uzito wake, na uzito huo mara nyingi hupatikana kwa kuongeza chumvi ya mezani. Hutazama povu, na povu si usafi. Hutazama rangi, ambayo haisafishi chochote. Kipimo cha kweli ni sahani yenye mafuta: matone machache yakitosha, sabuni ni nzuri. Ikiwa mikono inawasha na ngozi inachubuka baada ya kuosha vyombo, huenda kostiki soda au tindikali ilizidi katika utengenezaji, na sabuni hiyo irudishwe kwa muuzaji. Kikundi kilichopata mafunzo, kwa mfano kupitia SIDO, huweza kuandika kwenye chupa jina lake, mahali kilipo, viambato na tarehe. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania ikiwepo, ni bora zaidi. Pasipo na kibandiko, mnunuzi hana wa kumrudia.

Sasa jiki. Kazi yake ni kuua vijidudu na kung'arisha nguo nyeupe; haiondoi mafuta, na haifanyi kazi vema juu ya uchafu. Klorini iliyomo hujimaliza kwa kupambana na udongo, matapishi au mabaki ya chakula kabla ya kuvifikia vijidudu. Ndiyo maana kumwaga jiki juu ya sakafu ya udongo ni kutupa fedha, na kudeki saruji chafu kwa jiki pekee ni kazi nusu. Sakafu huoshwa kwanza kwa sabuni, husuuzwa, kisha hupakwa jiki iliyochanganywa na maji na kuachwa ikiwa mbichi kwa dakika 10.

Vipimo vinategemea nguvu iliyoandikwa kwenye chupa. Kwa jiki ya asilimia 3.5, mililita 300 ndani ya ndoo ya lita 10, ikijazwa maji, hutosha kwa sakafu, meza, vitasa vya milango na choo. Pale ambapo mgonjwa ametapika au kuharisha, huhitajika mchanganyiko mkali zaidi: kikombe 1 cha jiki kwa vikombe 6 vya maji. Humwagwa juu ya uchafu wenyewe, huachwa kwa dakika 10, ndipo hufutwa na mtu aliyevaa glavu, na taarifa hupelekwa zahanati au kwa afisa afya wa kata. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kilifika mikoa mingi ya nchi, na katika kaya kilipita kwa njia hizi za kawaida: maji, mikono, ndoo na kitambaa kimoja kilichofuta kila kitu.

Jiki hupoteza nguvu kwa joto na mwanga. Chupa iliyokaa miezi mingi dirishani mwa duka, juani, inaweza kuwa na harufu yake yote na nguvu kidogo tu. Kwa hiyo tarehe isomwe, na mchanganyiko utengenezwe upya kila siku. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, si jiki ya kufulia.

Kosa linalopeleka watu hospitali ni la yule anayetaka choo kiwe safi kuliko kawaida. Humimina dawa ya chooni, kisha jiki juu yake, akiamini kwamba mbili ni bora kuliko moja. Dawa nyingi za chooni zina tindikali. Tindikali ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, gesi ileile iliyotumiwa kama silaha karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ndani ya choo chenye mlango mmoja na dirisha la kiganja, kiasi kidogo chatosha kumkaba mtu. Jiki ikichanganyika na amonia, ambayo hupatikana hata katika mkojo uliokaa, hutoa gesi nyingine inayochoma macho na mapafu. Anayesikia macho yakiwasha na kifua kikibana atoke nje mara moja, aache mlango wazi, wala asirudi kumalizia.

Yote hayo yangeweza kusemwa Morogoro au Mtwara. Liko jambo ambalo Shinyanga na Geita zinapaswa kulisema kwa sauti kubwa zaidi. Mwakitolyo, Rwamgasa, Nyarugusu na maeneo mengine ya wachimbaji wadogo, kemikali za kuchenjulia dhahabu hukaa karibu sana na jiko. Zebaki, sianidi na tindikali hufika kazini katika madumu imara yenye vifuniko vizuri, na dumu imara ni mali katika kaya yoyote. Kishawishi cha kulitia maji, mafuta ya kula au sabuni ya maji ni kikubwa. Vivyo hivyo kwa wakulima: chupa ya dawa ya pamba ni ngumu, haivuji, na inatamanika.

Chombo kilichobeba kemikali hizo hakioshwi kikawa cha nyumbani. Hakuna sabuni, mchanga wala maji ya moto yanayokirudisha. Dumu la sianidi likioshwa kwa dawa ya chooni hatari huongezeka, kwa kuwa sianidi na tindikali hutoa gesi inayoua kwa dakika chache. Dumu hilo hutobolewa na kurudishwa kwa aliyeuza kemikali au kuteketezwa kwa utaratibu wa wataalamu. Tindikali ya mwaloni haifai kusugulia vigae wala choo, hata ikiwa inapatikana bure. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, inahusu kemikali za pande zote mbili, mgodini na nyumbani.

Zebaki yahitaji maneno yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini vitone vyake bado vimo mifukoni mwa nguo za kazi. Mama wa nyumba akikiona kitone kinachong'aa sakafuni, mkono wake huenda kwenye ufagio, na ufagio ndio kitu kibaya kuliko vyote: hukivunja kitone kiwe mamia, na kila kimoja hutoa mvuke usioonekana wala kunuka. Jiki haisaidii, na huweza kuongeza mvuke. Watoto hutolewa chumbani, madirisha hufunguliwa, na aliyevaa pete ya dhahabu huivua. Vitone hukusanywa kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, vile vidogo hunaswa kwa gundi ya karatasi, na vyote hutiwa katika kopo la kioo lenye kifuniko. Havimwagwi chooni wala kisimani. Nguo za mgodini hufuliwa peke yake, katika beseni lake, mbali na nguo za mtoto. Na sufuria iliyowahi kuchomewa dhahabu hairudi jikoni, hata isuguliwe mpaka ing'ae.

Pamoja na hayo yote, mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Anachojua ni kwamba chupa ya soda ina soda. Kila kisafishaji kibaki katika chupa yake, juu, mahali asipofika. Akinywa, asitapishwe: kinachochoma koo kikishuka huchoma tena kikipanda, na mafuta ya taa huweza kuingia mapafuni. Kinywa kisuuzwe, jicho au ngozi iliyomwagikiwa ioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15. Kisha apelekwe zahanati bila kukawia, pamoja na chupa yenyewe na kifuniko chake, ili mganga asome kilichomo. Ikiwa chupa haina kibandiko, aliyeiuza atafutwe wakati mtoto akiwa njiani, aulizwe ametia nini.