Ile vumbi tunayopumua Goma iko na nini ndani?



Kila asubui tunapangusa vumbi nyeusi juu ya meza, tunasema: ni vumbi tu. Hapana. Iko na vitu ndani, na kila kitu kiko na fasi kinatoka.

Kwanza, mawe. Muji wetu uko juu ya lava. Ile ya 2002 iliingia mpaka katikati ya muji. Magari na pikipiki zinaisaga kila siku, inakuwa unga. Volkano ikitupa majivu, hayo si kama ya jikoni: ni vipande vidogo sana vya mawe na kioo.

Pili, moshi. Makala, mazuti ya malori, plastiki zinazochomwa nyuma ya nyumba: vyote vinatoa kaboni nyeusi na mafuta yasiyoungua vizuri. Mama anayepika na makala hana kosa. Apike na nini?

Tatu, kitu hakionekane. Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa gesi ya salfa. Ikikutana na unyevu wa hewa, inageuka polepole kuwa matone madogo ya asidi. Gesi imekuwa chembe.

Zenye kuumiza zaidi ni chembe zisizofika mikromita 2,5. Unywele wa mutu unazipita karibu mara 30 kwa unene. Zinashuka mpaka chini ya mapafu, zingine zinaingia kwenye damu. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwaka usipite mikrogramu 5 kwa kila meta ya ujazo ya hewa. Sisi hapa, nani anatuambia tuko kwa ngapi?

Njo maana tunadai hewa ipimwe kila siku, na tuambiwe pia chembe zinatoka wapi, kwa Kiswahili, kwenye radio. Kama ni volkano, tutafunika mapipa ya maji ya mvua. Kama ni barabara, wakubwa waitengeneze. Kama ni takataka, ziokotwe. Bila vipimo, kila mutu atasema si yeye.

Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mutu haki ya mazingira safi. Hatuombe zawadi.

Hii wiki kila kata iandike barua yake. Tutazipeleka pamoja, kwa amani, na hatutachoka kurudi.