Shimo la nyuma ya nyumba, kabla mvua hazijaanza

 

Leo nawaomba mzunguke nyuma ya nyumba. Kuna shimo pale. Wengi tulilichimba wenyewe wakati wa kiangazi, tukatoa udongo, tukafyatua matofali, tukajenga. Wengine wamechimba dogo la kuwekea maji ya kumwagilia mchicha, au lengalenga kama wasemavyo ndugu zetu wa Kongo.

Sasa hivi ni kavu, watoto wanachezea humo. Lakini huku Kigoma mvua huanza mwezi wa 10 au wa 11. Zikinyesha kubwa mbili tatu, shimo litajaa maji ya tope, na hakuna atakayeona kina chake. Mtoto alizoea kushuka hapo kwa miguu. Atashuka vilevile. Na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mama anaweza kuwa anasonga ugali hatua 10 kutoka hapo, asisikie kitu.

Kwa hiyo kazi ni ya sasa, udongo ungali mkavu.

Kwanza, kama shimo halina kazi tena, lifukieni. Tumieni udongo na vipande vya matofali. Msitie makopo wala plastiki, kwa sababu hushika maji. Shindilieni vizuri, na juu muache mwinuko kidogo, maana udongo utatitia mvua zikianza. Mzee au mjane asiye na nguvu, majirani tumsaidie. Mtoto hachagui shimo la nani.

Pili, kama mnalihitaji kwa bustani, punguzeni kina chake. Chongeni upande mmoja uwe mteremko, ili aliyeingia aweze kutoka. Zungushieni uzio wa fito za zamani na matawi makavu ya miiba. Msikate miti mibichi. Wekeni karibu fito ndefu ya kumfikishia aliyetumbukia. Asiyejua kuogelea asijirushe ndani, tusije tukalia wawili.

Tatu, mbu. Yai la mbu majini huwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Basi kagueni maji kila wiki. Mkiona viluwiluwi, tekeni maji yote mmwagilie mboga, shimo likauke. Na chandarua ni kila usiku, hata mkishafukia.

Shimo kubwa linalowashinda, mpelekeeni habari kiongozi wa kijiji au wa zoni yenu mapema, kabla halijajaa.

Ndugu zangu, shimo lile limetupa nyumba, tunalishukuru. Sasa tulifunge. Jumamosi hii shikeni jembe, mwiteni na jirani. Na wewe uliyepata karatasi hii, msomee asiye na redio.

Tukutane juma lijalo. Kwaherini.