Mafuta ya Alizeti kwa Ngozi na Nywele: Mwongozo kwa Anayechanganya Nyumbani

Swali tunaloulizwa mara kwa mara na akina mama, vijana na hata wasusi ni hili: je, mafuta ya alizeti yaliyomo jikoni yafaa kupakwa mwilini na kichwani? Jibu letu ni kwamba yafaa, nayo ni miongoni mwa mafuta mepesi yaliyo nafuu na yapatikanayo kwa urahisi nchini mwetu. Hata hivyo, madhara mengi ya michanganyiko ya nyumbani husababishwa na kile kinachotiwa ndani ya mafuta hayo, muda yaliokaa, na maradhi ambayo mtu hutarajia yatibiwe nayo. Hayo ndiyo tutakayoyazungumza leo.

Tuanze na sifa zake. Tunayaita mepesi kwa sababu husambaa upesi na hayagandi kama mafuta ya mgando. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya takriban nyuzi 24, jambo ambalo wakazi wa Njombe na Mbeya hulifahamu vizuri kila msimu wa baridi. Ya alizeti hubaki majimaji. Katika alizeti ya kawaida, takriban nusu au zaidi ya mafuta hayo ni asidi ya linoleiki, ambayo ngozi huitumia kujenga tabaka lake la nje linalozuia maji yasipotee. Yana pia vitamini E.

Ieleweke kwamba mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Huyazuia yaliyopo yasitoke. Kwa hiyo yapakwe mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Kijiko kimoja cha chai chatosha mikono na miguu ya mtu mzima. Kwenye nywele, matone machache yapakwe zaidi kwenye ncha, mahali zinapokatika. Anayependa mafuta ya nyonyo lakini huona ni mazito, achanganye sehemu 1 ya nyonyo na sehemu 3 za alizeti.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Asidi hiyohiyo inayofaa ngozi ndiyo inayofanya mafuta ya alizeti yaharibike haraka yanapokutana na hewa, joto na mwanga. Kando ya barabara kuu zipitazo Singida, mafuta haya huuzwa katika chupa na madumu yaliyopangwa juani. Hatusemi msiwaunge mkono wakamuaji wetu. Tunasema mwulizeni muuzaji yalikamuliwa lini, na mwombeni awape yaliyohifadhiwa kivulini. Mafuta yaliyochacha hutoa harufu ya rangi ya kupakia ukuta au ya karanga kuukuu. Mafuta ya namna hiyo yasipakwe, wala harufu yake isifunikwe kwa manukato. Vilevile, mafuta yaliyokwisha kukaangia hayafai kwa ngozi hata yakichujwa.

Nyumbani, mimina kiasi cha kutumia kwa mwezi mmoja au miwili katika chupa ndogo yenye rangi nyeusi au ya kahawia, iliyooshwa na kukaushwa kabisa. Funika vizuri na uiweke mbali na jiko na dirisha. Bandika karatasi uandike jina la kilichomo na tarehe ya kuchanganya. Karatasi hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa kuwa katika nyumba zetu chupa za maji na soda hupewa kazi nyingine, na mtoto mwenye kiu hajui tofauti.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni mafuta makali ya kunukia, kama ya karafuu, mkaratusi na mchaichai. Haya hayapakwi yenyewe. Huzimuliwa ndani ya mafuta mepesi, na hiyo ndiyo kazi kuu ya alizeti katika mchanganyiko. Wengi hupima kwa macho, na hapo ndipo ngozi huungua. Vijiko 2 vya chakula vya alizeti ni takriban mililita 30. Kwa kiasi hicho, matone 6 ya mafuta makali yanatosha mwili wa mtu mzima, yaani takriban asilimia 1. Mafuta ya karafuu ni makali zaidi, hivyo yasizidi matone 3. Ukiona harufu ni hafifu, usiongeze. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka maganda ya ndimu yaepukwe kabisa kwa anayetoka mchana, kwani yakipigwa na jua yanaweza kuunguza ngozi na kuacha madoa meusi.

Watoto walio chini ya miaka 2 wasipakwe mafuta makali hata kidogo, na mkaratusi na kafuri visipakwe karibu na pua ya mtoto mdogo. Kwa mtoto mchanga, muulizeni mhudumu wa kliniki kabla ya kumpaka mafuta yoyote. Mama mjamzito naye aulize kabla ya kutumia mafuta makali.

Mchanganyiko wowote mpya ujaribiwe kwanza. Paka tone moja upande wa ndani wa kiwiko, usubiri saa 48. Pakiwasha, pakivimba au pakiwa pekundu, osha kwa sabuni na maji, na usiutumie tena.

Wako wanaoongeza utomvu wa mshubiri, yai, tango au maji ya mchele. Mafuta matupu hayaoteshi vijidudu kwa urahisi, lakini kitu chenye maji kikiingia, vijidudu hupata makazi, na viwanda hutia vihifadhi kwa sababu hiyo. Mchanganyiko wa namna hiyo utengenezwe kidogo, utumike siku hiyohiyo, na unaobaki umwagwe.

Ndugu wananchi, yapo mambo ambayo mafuta haya hayawezi. Hayazuii miale ya jua. Mwenye ualbino asiyatumie badala ya losheni maalumu, kofia na nguo ndefu. Hayaondoi mba, vijidudu vinavyohusika na mba hula mafuta, hivyo kuongeza mafuta huenda kukazidisha tatizo. Hayatibu mapunye. Mtoto mwenye mapunye kichwani huhitaji dawa ya kumeza kutoka kituo cha afya, na kila wiki inayopita akipakwa mafuta tu ni wiki ya kuambukiza wenzake kwa kitana na kofia. Aliyeungua moto amwagiwe maji safi ya bomba yenye ubaridi kwa dakika 20, wala asipakwe mafuta, kisha apelekwe hospitali.

Mwisho, tunawakumbusha wale ambao majirani wameanza kuwaomba chupa moja moja. Anayechanganya kwa ajili ya nyumba yake hadaiwi cheti. Siku anapoanza kuuza, alichotengeneza ni kipodozi mbele ya sheria. Tangu Julai 2019, usimamizi wa vipodozi Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mjasiriamali mdogo anaweza kuanzia SIDO mkoani kwake, akapata barua ya utambulisho na maelekezo ya kupima bidhaa yake. Na wewe mnunuzi, ukiuziwa mafuta ya nywele au ya ngozi yasiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato wala tarehe ya mwisho ya matumizi, una haki ya kuyakataa, hata kama muuzaji ni mtu unayemfahamu. Ikiwa yamekwisha kukudhuru, usiitupe chupa. Nenda nayo kituo cha afya, kisha uilete katika ofisi yetu iliyo karibu nawe, maana bila chupa hiyo ni vigumu kwetu kujua ulipakwa nini, na ni nani mwingine aliyeuziwa.